Lualaba: Kisu kimekwisha kupita, serumu inangojewa mpaka lini?

Kila mwaka mwezi wa Oktoba ukifika, Kolwezi inavaa rozi. Maofisi, makampuni, makanisa na vyama vya wamama vinachapisha tisheti, kunakuwa matembezi ya asubuhi, hotuba na picha, na mwishoni wamama wanaambiwa: jipimeni maziwa, mukiona uvimbe mukimbie hospitali. Maneno hayo ni ya kweli na hakuna wa kuyapinga. Lakini yanaishia mlangoni pa hospitali. Hotuba ya Oktoba haisemi kitu juu ya mama aliyetii, aliyekimbia, aliyepasuliwa, na ambaye sasa anakaa nyumbani na bandeji kifuani, akingojea dawa ambayo hakuna aliyemwambia itaanza siku gani.

Hapo ndipo wamama wanapotea, na wanapotea kimya, kwa sababu machoni pa jamaa kazi ilikwisha kufanyika. Uvimbe umetolewa, kidonda kinakauka, mama anapika bukari tena. Nini kinabaki?

Kinachobaki hakionekani. Munganga akipasua kansere ya maziwa, ile vitabu vinaita saratani ya matiti, anaondoa kile jicho linachoona na mkono unachogusa. Chembe za ugonjwa zilizokwisha kuponyoka kupitia damu ao mishipa ya limfu, zikaenda kukaa katika mifupa, mapafu ao ini, kisu hakizifikii, na mara nyingi hata picha za hospitali hazizioni. Kwa wagonjwa wengi kinachotumwa kuzitafuta ni kemoterapia, ile watu wanaita shimio: dawa zinazoingia kwa serumu na kuzunguka mwili mzima. Si wote wanaihitaji. Kuna wamama ambao kansere yao inalishwa na homoni, na kwao vidonge vya tamoksifeni vya miaka 5 ao zaidi ndivyo vinafanya kazi kubwa. Lakini kwa yule ambaye munganga ameandika shimio, upasuaji bila shimio ni nusu ya matibabu. Na nusu hiyo ya pili ina saa yake.

Waganga wa kansere wa Ulaya, kupitia chama chao ESMO, wanashauri dawa zianze kati ya majuma 3 na 6 baada ya upasuaji. Mu Katanga wazee wangali wanaita juma "poso", neno lililobaki tangu siku ambazo Union Minière ilikuwa inagawia wafanyakazi chakula kwa juma. Basi kwa lugha ya wazee: poso tatu mpaka poso sita. Si zaidi ya muda ambao kidonda chenyewe kinahitaji ili kifunge vizuri.

Je, akizidisha? Hilo lilichunguzwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa 24,843 wa jimbo la California waliopasuliwa kansere ya maziwa kisha wakapewa shimio. Nusu yao walianza kabla ya siku ya 46. Wale waliongojea siku 91 ao zaidi walikuwa na hatari ya kufa kubwa kwa asilimia 34 kuliko walioanza ndani ya siku 30. Na kwa aina ya kansere ambayo waganga wanaiita hasi-tatu, ile isiyosikia homoni wala dawa inayolenga HER2, hatari iliongezeka kwa asilimia 53. Miaka miwili mbele ya hapo, hospitali moja kubwa ya kansere ya Houston ilikuwa imeangalia wagonjwa wake 6,827. Kwa wale waliofika na ugonjwa uliosonga mbele, madhara yalianza kuonekana tangu siku ya 61. Tena mwaka 2020 jarida la waganga wa Uingereza, BMJ, lilikusanya tafiti 34 za kansere za aina mbalimbali, wagonjwa zaidi ya milioni 1, na likakuta kwamba kucheleweshwa kwa majuma 4 tu kunaongeza hatari ya kifo, iwe ni upasuaji uliochelewa, ao dawa, ao miale.

Hesabu hizi zisomwe kwa akili. Hazisemi kwamba siku ya 43 mlango unafungwa. Kule California, walioanza kati ya siku ya 31 na ya 90 hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko walioanza mapema. Vilevile watu wanaochelewa mara nyingi wana magonjwa mengine ao umaskini unaowaua kwa njia yake. Kwa hiyo mama ambaye amekwisha kupitisha miezi minne asikae nyumbani akisema "kwangu imekwisha". Aende kesho, munganga atapima kama dawa ingali na faida kwake. Lakini kiongozi anayesikia "siku 90" asidhani amepewa ruhusa ya kulala siku 89. Hesabu ya California ilifanywa kwa wamama ambao wengi wao uvimbe ulikuwa umegunduliwa ungali mdogo. Wa kwetu wanafika hospitali uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi tano za Afrika, Zambia jirani yetu ikiwa kati yao, ulionyesha mwaka 2020 kwamba karibu nusu ya wamama wenye kansere ya maziwa walikuwa wamekufa ndani ya miaka 3 baada ya kugunduliwa. Mwenye ugonjwa mzito ndiye ana siku chache za kuchezea.

Sasa siku hizo zinapotelea wapi? Chukua mama mmoja wa Manika. Si mtu fulani, ni mfano tu, lakini familia iliyopita njia hiyo itajijua.

Anapasuliwa siku ya kwanza ya juma. Kile kipande cha nyama kinatiwa katika chupa yenye formoli. Chupa inapaswa kwenda labo ya kuchunguza chembe, na mara nyingi anayebeba chupa ni jamaa mwenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki, mu basi ya Lubumbashi, kilometa karibu 300. Labo inasema turudi baada ya siku kadhaa. Jibu la kwanza linasema ni kansere. Lakini jibu hilo halitoshi, inafaa kujua kama inasikia homoni na kama ina HER2, na kipimo hicho kina bei yake na safari yake nyingine. Majuma manne yamekwisha. Kidonda kimepona vizuri sana, kila anayekuja kumtembelea anasema mama amenenepa.

Juma la tano munganga anasoma majibu na anaandika ordonansi. Familia inakaa kikao. Shemeji wa Likasi anaulizwa, yaya mkubwa wa Lubumbashi anaulizwa. Bwana anafanya kazi ya kuchimba kwa mikono, na mwaka 2025 kazi hiyo ilionja: Februari serikali ilifunga kobalti isitoke nje ya nchi, na Oktoba ikaifungua kwa kwota. Friji inauzwa. Kipande cha kiwanja kinatafutiwa mnunuzi, na mnunuzi anajua kuna mgonjwa, kwa hiyo hana haraka ya kupandisha bei. Juma la saba pesa za serumu ya kwanza zinapatikana, za kwanza tu. Dawa inatafutwa farmasi kwa farmasi. Mmoja anasema iko Lubumbashi, mwingine anasema vuka Kasumbalesa utaipata Zambia. Juma la tisa dawa iko mkononi, damu inapimwa, chembe nyeupe ziko chini, ngojea. Juma la kumi na moja kuna kilio katika familia, hakuna anayesafiri. Juma la kumi na tatu serumu ya kwanza inatundikwa. Hiyo ni siku ya 91.

Na ukiuliza nani alikosa, hakuna. Aliyepasua alipasua vizuri. Labo ilitoa jibu la kweli. Familia ilitoa kila ilichokuwa nacho. Farmasi iliuza kile ilichokuwa nacho. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuhesabu siku, basi.

Hili ndilo jambo ambalo viongozi wa afya wa jimbo wanapaswa kubanwa nalo. Kisu kinashikwa kwanza kwa sababu kisu kipo. Chumba cha upasuaji kipo, munganga wa kupasua yupo, bei ya operesheni inajulikana. Mengine "yataonekana mbele". Kumbe kwa mama mwenye uvimbe mkubwa, mara nyingi utaratibu unaofaa ni kinyume: aanze na shimio ili uvimbe upungue, kisha apasuliwe. Pasipo na mpango, hakuna hata anayeuliza kipi kitangulie. Mgonjwa anapewa kile kilicho karibu, na kile kilicho mbali anaachiwa akitafute mwenyewe akiwa na kidonda.

Kuna majibu matatu ao manne ambayo hutolewa kila mara jambo hili linapoguswa.

La kwanza: Kolwezi haina mabingwa wa kansere. Ni kweli kwamba mabingwa hao ni haba sana katika nchi nzima. Lakini mtu atazame Rwanda, Butaro, wilaya ya Burera, kule juu milimani karibu na mpaka wa Uganda. Si mji mkubwa, na hakuna kampuni ya shaba huko. Julai 2012 wizara ya afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health walifungua kituo cha kansere katika hospitali ya Butaro. Shimio ilikuwa inatolewa na waganga wa kawaida na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo, wakifuata maandishi yanayosema dawa gani, kipimo gani, siku gani, na mabingwa wa Boston walikuwa wanashauriana nao kutoka mbali. Yaani mlima wa Burera uliweza mwaka 2012. Kolwezi yenye kiwanja cha ndege, hoteli na malori usiku na mchana, inashindwa na nini? Hata historia ya shimio yenyewe ina kipande chake Afrika: miaka ya 1960 mu Kampala, kwenye Uganda Cancer Institute iliyofunguliwa 1967, waganga walikuwa wanatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt kwa dawa, na dunia ilijifunza kutoka huko.

Hii haina maana kwamba shimio itundikwe popote. Ile serumu nyekundu, doksorubisini, inaweza kuumiza moyo. Ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama. Siku 7 mpaka 14 baada ya serumu chembe nyeupe za damu zinashuka, na mgonjwa akipata homa wakati huo ni jambo la kukimbia hospitali usiku uleule, si la kununua parasetamoli kwa muuza dawa wa pembeni. Anayechanganya dawa anapaswa kuvaa glavu na kuwa na mahali pake. Ndiyo maana tena inafaa jimbo lishike kazi hii: ikiachwa, itafanywa kwa siri katika vyumba vya nyuma ya farmasi, na wafu hawatahesabiwa.

Jibu la pili: dawa ni ghali. Kuna za ghali kweli, trastuzumabu inayolenga HER2 ni mojawapo. Lakini doksorubisini, siklofosfamidi na paklitakseli ni dawa za zamani, makampuni mengi ya India na kwingineko yanazitengeneza, na ziko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa ambazo nchi haipaswi kukosa. Mpango unaotumika sana ni serumu 4 za doksorubisini na siklofosfamidi, kila moja baada ya siku 21, kisha paklitakseli. Ghali ni kuzinunua moja moja, kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa rejareja, na tiketi ya basi juu yake. Anayenunua kwa watu mia hanunui kwa bei ya anayenunua kwa dada yake.

Jibu la tatu: tungojee kwanza mashini ya radioterapia. Hapana. Miale kwa kawaida inafuata baada ya shimio kumalizika. Kukosekana kwa mashini si sababu ya kuchelewesha serumu hata kwa siku moja. Butaro yenyewe ilianza bila mashini, ikawa inatuma wagonjwa wa miale Uganda, mpaka mashini ya huko ilipokufa mwaka 2016. Na ile mashini ya Kampala ilikuwa ya kobalti, kobalti-60, ambayo inapatikana kwa kupitisha kobalti ya kawaida katika mtambo wa nyuklia. Mwenye kutaka kucheka acheke: Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, sehemu kubwa yake chini ya miguu ya watu wa Lualaba.

Jibu la nne ndilo linauma, kwa sababu lina ukweli ndani: wamama wenyewe wanachelewa. Wanapita kwanza kwa mchungaji wa maombi, kwa mwenye dawa za miti, wanaogopa nywele kutoka, wanaogopa bwana atawaacha. Ni kweli, na wachungaji wanaomwambia mgonjwa aache serumu kwa kuwa "Mungu amekwisha kumponya" wanapaswa kukemewa hadharani na makanisa yao. Lakini mtu aliyetoka hospitali bila tarehe ni nani atamzuia asiende kwingine? Mchungaji anampa tarehe: njoo Ijumaa, tunafunga siku tatu. Mwenye mizizi anampa tarehe. Hospitali inamwambia "tutaona". Nani asingefuata mwenye tarehe?

Kisha kuna swali la pesa, na katika jimbo hili swali hilo lina majibu ya maandishi. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kila kampuni inalipa mrabaha, asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti iliyotangazwa kuwa madini ya pekee. Mrabaha huo unagawanywa: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini ao sekta ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni inaweka kando angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mwaka 2024 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, nyingi zikitoka kwenye ardhi hii kati ya Kolwezi na Fungurume. Kutoka kwa robo ile ya jimbo, stoo ya dawa za kansere ingekula kipande ambacho mhasibu angeona aibu kukitaja.

Watu wa Kolwezi wanajua pia kwamba mpango ukitakiwa, unapatikana. Viwanda vinaosha shaba kwa asidi, na asidi na sulfuri zinafika kwa malori, juma kwa juma, kwa barabara ileile ambayo mama anaipanda kwenda Lubumbashi kutafuta serumu. Asidi ikipungua, kuna mtu katika kampuni ambaye simu yake inalia usiku. Ana karatasi inayoonyesha siku ngapi zimebaki. Ukimuuliza saa nane ya usiku atakujibu. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekosekana upande wa dawa.

Wazee watasema zamani haikuwa hivyo. Gécamines ilikuwa na hospitali zake, mfanyakazi na mke wake na watoto walitibiwa, na hakuna aliyeuza friji. Kuna sukari nyingi katika kumbukumbu hizo. Mama ambaye bwana yake hakuwa wa kampuni alikuwa nje ya mlango ule pia. Hata hivyo jambo moja ni la kweli: kulikuwa na mahali ambapo faida ya shaba ilikuwa inageuka kuwa kitanda na dawa bila kupitia mfuko wa mgonjwa. Kampuni ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa ule mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Makampuni mapya yalikuja, na leo mfanyakazi wao ana karatasi yake ya matibabu. Muuza mboga wa soko, mke wa mchimbaji wa mikono, mwalimu wa shule ya msingi, hawana. Na ule mpango wa serikali wa afya kwa wote, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, ulianza na kujifungua bure. Ni vizuri. Mama anajifungua bure, kisha akipata kansere miaka kumi baadaye, watoto wale waliozaliwa bure wanabaki na nani?

Kinachodaiwa hapa ni kidogo kuliko radioterapia, ni kidogo kuliko jengo jipya lenye jina la mtu ukutani. Mgonjwa yeyote wa kansere ya maziwa, kabla kisu hakijamgusa, apewe karatasi yenye tarehe mbili: ya upasuaji na ya serumu ya kwanza. Hospitali isiyoweza kuandika tarehe ya pili imwambie mapema, ili aende mahali inapoandikwa, wala asigundue baada ya kupasuliwa. Chupa ya formoli isibebwe na jamaa, ibebwe na hospitali, kwa gari ya hospitali, na jibu lije kwa simu ya hospitali. Dawa zile tatu za zamani ziwe katika stoo ya hospitali kuu ya Mwangeji kwa wagonjwa wa jimbo lote, wa Dilolo na Sandoa pia, maana hao wako mbali na safari yao ni ndefu kuliko ya mtu wa Manika. Kwa hao wa mbali, kitanda cha kulala siku mbili kila siku 21. Na muuguzi mmoja, mmoja tu, mwenye daftari na simu, ambaye kazi yake ni kumpigia mgonjwa juma la tatu na kumuuliza: mama, jibu la labo limefika?

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuweka vipimo vyake mwaka 2023: ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60 tangu mama afike hospitali, matibabu yaanze ndani ya miezi 3, na wagonjwa zaidi ya 80 kwa kila 100 wamalize dawa zote walizoandikiwa. Hicho cha mwisho kisisahauliwe. Serumu ya kwanza kwa wakati, kisha ya pili kukosekana kwa sababu friji ilikuwa moja tu, ni hasara ileile kwa mlango mwingine. Daftari la muuguzi lingeonyesha hayo yote, na kila miezi mitatu wizara ya afya ya jimbo ingesoma hesabu hiyo redioni: wangapi walipasuliwa, wangapi walianza shimio ndani ya majuma sita, wangapi walimaliza. Redio za Kolwezi hazingekataa kutoa dakika tano.

Kikao cha Baraza la jimbo cha mwezi wa Septemba ni kikao cha bajeti. Kinaendelea hadi ndani ya Oktoba, wakati wa tisheti za rozi. Kwa hiyo wabunge wa jimbo na mawaziri watakaokuja kwenye matembezi wanaweza kuulizwa palepale, mbele ya wamama, wakiwa bado wamevaa rozi: mstari wa ngapi wa bajeti unanunua doksorubisini, ni wa kiasi gani, na nani anashika ufunguo wa stoo?